Mkopo wa Matibabu Si Bili ya Hospitali: Mkusanya Madeni Akikupigia

Msomaji anayeishi Marekani ameniandikia wiki hii. Kang'olewa magego, kliniki ikamfungulia kadi ya mkopo wa matibabu, na sasa kampuni asiyoijua inamdai zaidi ya alichokopa. Anauliza aongee nao vipi. Usiongee nao, ndugu yangu. Andika.

Kwanza elewa deni limenenepa vipi. Kadi hizi hunadiwa "bila riba miezi 12", lakini riba inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza. Chukua dola 2,400. Ukilipa 200 kila mwezi, umemaliza salama. Ukilipa 190, mwaka unaisha zimebaki 120, na kwa riba ya asilimia 27 unabandikwa zaidi ya dola 350 kwa mkupuo. Na kwa kuwa kliniki imeshalipwa na kampuni ya kadi, hili ni deni la kadi. Ule utaratibu wa 2023 wa kufuta madeni ya matibabu yasiyofika dola 500 kwenye ripoti za mikopo (rekodi za namna unavyolipa madeni) haukusaidii hapa. Wengi wetu tunasaini tukiwa na ganzi mdomoni, ndiyo maana fomu inaletwa wakati ule.

Mkusanya madeni akipiga simu, muulize jina la kampuni, anwani na aliyekuwa mdai wa awali, kisha kata. Usiseme "ndiyo, nadaiwa". Usitaje benki yako. Usilipe hata dola 20 za "kuonyesha nia njema": katika majimbo mengi malipo madogo hufufua deni lililokaribia kupitwa na muda wa kushtakiwa.

Sheria ya Marekani ya 1977 inayosimamia wakusanya madeni inamtaka akupe maelezo ya deni kwa maandishi ndani ya siku 5 tangu mawasiliano ya kwanza. Chini ya barua hiyo kuna kipande cha kukata chenye visanduku: deni si langu, kiasi si sahihi. Usitegemee kisanduku peke yake. Ndani ya siku 30 tangu uipokee, andika barua yako: "Napinga deni hili. Nileteeni uthibitisho, mchanganuo wa riba na ada, na jina la mdai wa awali." Itume kwa rejista yenye risiti ya kupokelewa, nakala ubaki nayo. Tangu hapo lazima asimamishe kudai mpaka alete uthibitisho. Zikipita siku 30, barua bado unaweza kutuma, ila halazimiki kusimama. Na kama anayepiga ni mkopeshaji mwenyewe, kwa kawaida sheria hii haimgusi.

Uthibitisho ukija, uweke kando ya taarifa zako za kadi, mwezi kwa mwezi. Tafuta malipo yasiyohesabiwa, na matibabu yaliyotozwa kabla hayajafanyika.

Samansi, yaani hati ya kuitwa mahakamani, ni jambo jingine kabisa. Barua ya kupinga deni si majibu ya mahakama, na hapa ndipo watu wanapoumia: wanakaa kimya, mdai anapata hukumu ya upande mmoja, mshahara unakatwa hadi asilimia 25 ya unachobaki nacho baada ya kodi. Siku za kujibu zimeandikwa kwenye samansi, mara nyingi 20 hadi 30. Peleka majibu kwa karani wa mahakama, nakala yako igongwe muhuri palepale dirishani, nyingine mtumie wakili wa mdai.