Kadi ya OPT imefika, kazi haijafika, na siku zinakatika

Mwezi huu barua zimekuja za kitu kimoja tu, sijui ni msimu wa mahafali au vipi, karibu zote zinauliza ile ruhusa ya Marekani inayoitwa OPT. Kwa ambao hamjawahi kuisikia: ukisoma kule kwa viza ya mwanafunzi, F-1, unaweza kuomba ufanye kazi ya fani uliyosomea kwa miezi 12, na wengi wanaitumia baada ya kumaliza chuo. Ichukulie kama fildi ya vyuo vyetu, ila hii unalipwa mshahara wa kueleweka na anayekuchunga sio msimamizi na logibuku yake, ni serikali. Ukikubaliwa unapewa kadi ya kibali, na kuanzia tarehe iliyo kwenye kadi unahesabiwa siku unazokaa bila kazi, zina kikomo. Ipo tangu 1992. Na mimi niliipitia nikaungua kidogo, kwa hiyo najibu kama mtu aliyeungua.

*Kaka shikamoo. Nimesoma uhasibu digrii ya kwanza, niko Ohio. Kwa tarehe iliyo kwenye kadi yangu leo ni siku ya 61 sina kazi, nimetuma sivii mpaka vidole vinauma. Mjomba yuko huku miaka mingi, anasema niache kudeka nikabebe boksi kwenye stoo anayofanya yeye, nipate hela ya kodi na hizo siku zitasimama. Mama yuko Mbezi, yeye anataka nije Dar wiki tatu kwenye harusi ya dada nipumzishe akili, anasema nikirudi nitaendelea kuhesabu pale nilipoishia. Nani yuko sahihi? – Msomaji wa Ohio*

Marahaba mdogo wangu. Hamna aliye sahihi hapo, na wote wanakupenda, ndo ugumu wake huo.

Tuanze na mjomba. OPT inakubali kazi inayohusiana moja kwa moja na kile ulichosomea, basi. Kubeba boksi stoo sio uhasibu hata ukiyahesabu hayo maboksi. Kwa hiyo ukienda, siku hazisimami, zinaendelea kukatika kama kawaida, afu juu yake umefanya kazi ambayo ruhusa yako haikupi, na hiyo ndo mbaya zaidi maana inabaki kwenye rekodi za kodi na mishahara, siku ukija kuomba kitu kingine mbele ya safari inakaa mezani inakuangalia. Mjomba kipindi chake alipita kwa njia yake, sijui alikuwa na makaratasi gani, we una makaratasi mengine. Mheshimu, msalimie, ila boksi hapana.

Sasa mama. Hizo siku ni 90 kwa jumla kwa kipindi chote cha miezi 12, sio 90 mfululizo. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili inahesabiwa, sikukuu zao zinahesabiwa, na ukiwa nje ya Marekani bila kazi inahesabiwa vilevile. Harusi ya wiki tatu ni siku 21, jumlisha na 61 unapata 82, unatua kule umebakiwa na siku nane na usingizi wa ndege haujaisha. Na hapo nimejipa matumaini kwamba utaruhusiwa kuingia, maana anayerudi akiwa kwenye OPT anaulizwa I-20, ile fomu ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako, iliyosainiwa ndani ya miezi sita, anaulizwa kadi, anaulizwa barua ya ofa ya kazi, ambayo we huna, na viza iwe haijaisha muda. Kama imeisha unahitaji viza mpya ya mwanafunzi, na kuipata huku shule umemaliza na kazi hujapata ni mlima. Mwambie dada akurushie harusi kwa video. Najua inauma, mi mwenyewe nilikosa msiba.

Sasa cha kufanya, na hapa usicheze. Kwenye hii OPT ya kawaida, kujitolea kunakubalika. Hata bila mshahara, ilimradi ni kazi ya fani yako, inafika masaa 20 kwa wiki, na ni nafasi ambayo kweli huwa ni ya kujitolea, sio umeenda kwenye kampuni inayolipa wenzako kwa kazi hiyohiyo we unafanya bure, hapo wanavunja sheria zao za kazi na we unawasaidia. Mhasibu una bahati kuliko aliyesoma falsafa. Makanisa, misikiti, asasi ndogondogo, wote wana vitabu vya hesabu vilivyovurugika na hawana hela ya kuajiri. Na mwanzo wa mwaka kuna mpango wa mamlaka yao ya kodi unaitwa VITA, watu wanajitolea kuwajazia wenye kipato kidogo fomu za kodi, unafanya mtihani wao ndo unaanza. Unaweza kuunganisha sehemu mbili, masaa 12 huku na 8 kule, inafika 20. Chukua barua kila sehemu: unafanya nini, masaa mangapi, umeanza lini, nani anakusimamia, na wewe andika pembeni sentensi mbili tatu hiyo kazi inahusianaje na uhasibu.

Afu ingia kwenye portali ya SEVP, ule mtandao wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, uandike hiyo sehemu, una siku 10 tu tangu mabadiliko yatokee. Hapa ndo wengi wanaanguka. Mfumo haujui kama unaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, unajua kilichoandikwa tu. Ukiwa na kazi ambayo hujaiandika, kwenye mfumo we ni mtu asiye na kazi na siku zako zinaliwa kimyakimya. Mimi nilipata kazi nikafurahi nikasahau kuandika zaidi ya wiki mbili, nikaja kushtuliwa na emeili ya chuo niko kwenye basi, nilishuka kituo ambacho sio changu.

Na usisubiri siku ya 89. Ukifika siku ya 75 hamna kitu, nenda kwa afisa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo chako, wao wanamwita DSO, muongee kama unahamia kwenye masomo mengine au unafunga begi kwa heshima. Kuna watu wanadhani zile siku 60 za kujiandaa kuondoka zinawasubiri mwisho. Zinamsubiri aliyemaliza OPT yake vizuri. Aliyevuka siku 90 bila kazi hana.

*Mwanangu hujambo. Binti yangu anamaliza masta huko Marekani mwezi wa tano. Kuna kijana ana ofisi Kariakoo, kanieleza ana mtu wake ndani ya uhamiaji wa Marekani, atamshughulikia kibali cha kazi kwa milioni mbili na nusu, nitume nusu kwanza kwenye simu. Binti anasema nisitume lakini naogopa asije akakosa kwa ubahili wangu. – Mama wa Tabata Segerea*

Shikamoo mama. Usitume hata mia. Msikilize binti.

Hicho kibali hakiombwi Kariakoo wala Posta wala popote hapa Dar. Anaomba mwenyewe akiwa palepale Marekani. Anaanza kwa huyo DSO wa chuo chake, anayeingiza mapendekezo kwenye mfumo na kumpa I-20 mpya, kisha binti anajaza fomu inaitwa I-765 na kuituma kwa idara yao ya uhamiaji, USCIS, analipa ada serikalini moja kwa moja. Ada inabadilikabadilika, aisome kwenye tovuti ya idara siku anayotuma, na hairudishwi akikataliwa. Huyo kijana hana sehemu ya kuingilia hapo katikati, hata awe na mtu wake kweli.

Kinachowakosesha watu ni tarehe, wala sio ubahili wako mama. Dirisha linafunguka siku 90 kabla ya kumaliza programu na linafungwa siku 60 baada ya kumaliza. Na DSO akishaingiza yale mapendekezo, maombi lazima yafike ndani ya siku 30, zikipita yanakataliwa hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Wa mwezi wa tano anaweza kuanza mwezi wa pili, kwa hiyo mpigie leo, muulize swali moja tu: umeshaonana na DSO? Hahitaji kuwa na kazi mkononi ndo aombe, hili wengi hawalijui, wanakaa kusubiri ofa mpaka dirisha linafungwa. Hata kama aliwahi kutumia OPT baada ya digrii ya kwanza, masta ni ngazi ya juu zaidi, anapata miezi 12 mipya.

Kuna kaujanja kadogo halali kabisa. Kwenye maombi anachagua tarehe ya kuanza, popote ndani ya zile siku 60 baada ya kumaliza. Kama hana uhakika wa kazi aisogeze mbele, maana siku za kukaa bila kazi zinaanza kuhesabiwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, sio siku kadi inafika mlangoni. Na anwani aandike ya mahali atakapokuwepo kweli. Mimi yangu ilienda kwenye apatimenti niliyohama, na barua za uhamiaji posta yao haikufuati nazo ulikohamia, inazirudisha zilikotoka, nikakaa nasubiri kadi huku tarehe imeshaanza.

*Mkuu, nimefanya CPT muda wote miezi 13, sasa DSO ananiambia OPT sina. Si ni vitu viwili tofauti? – Mdau, Houston*

Ni viwili tofauti lakini kimoja kinakula kingine mkuu. CPT ni ruhusa ya kazi ya katikati ya masomo, inayoingia kwenye mtaala. Ukiifanya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, OPT ya ngazi hiyo imekufa. Ungeishia miezi 11 usingepoteza kitu, ungeifanya nusu muda pia isingehesabiwa. Pole sana aisee, hapo hamna rufaa, mpaka ngazi ya juu ya masomo.

*Kaka, nimesoma kompyuta, OPT inaisha baada ya miezi mitatu, bosi ananipenda ila ni kampuni ya watu wanne. Nasikia kuna miaka miwili ya nyongeza? – Kijana wa Kigamboni, kwa sasa Minnesota*

Ipo. Ni miezi 24 kwa waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, wao wanaita STEM. Ilianza 2008 ikiwa miezi 17, ikapandishwa kuwa 24 mwaka 2016. Udogo wa kampuni sio tatizo, tatizo ni kama bosi kajiandikisha E-Verify, ule mfumo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi. Mwambie wiki hii, kujiandikisha hakumtoi hela. Pia mtajaza wote wawili fomu I-983, mpango wa mafunzo: utajifunza nini, nani anakusimamia, unalipwa kiasi gani. Kulipwa ni lazima, kujitolea hakuingii kwenye hii nyongeza. Dirisha linafunguka siku 90 kabla OPT haijaisha, na we umesema miezi mitatu, maana yake ni sasa hivi unaposoma hapa. Ukituma kwa wakati na OPT ikaisha kabla ya jibu unaruhusiwa kuendelea na kazi mpaka siku 180 wakati unasubiri. Siku za kukaa bila kazi zinaongezeka 60, jumla 150, ila zile ulizokwishatumia zimeshaliwa.

*Kwenye salari slipu yangu ya kwanza ya OPT nimekatwa Social Security na Medicare, mwenzangu Mkenya hakatwi. Nimeonewa? – Dada wa Atlanta*

Inawezekana. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado anahesabika sio mkazi kwa mambo ya kodi, kwa kawaida ile miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, hakatwi hizo mbili, michango yao ya pensheni na matibabu ya uzeeni, na zikijumlishwa ni asilimia 7.65 ya mshahara, sio hela ya vocha. Kama bado uko ndani ya hiyo mitano waandikie watu wa mishahara kwa upole wakurekebishie na wakurudishie, wengi wanafanya kwa kutojua tu. Kodi ya mapato yenyewe unakatwa kama kawaida, hiyo usiipigie kelele.

*Mimi natoka Burundi, nasoma chuo hapa Dar, rafiki yangu ana duka la simu Sinza anataka nimshikie jioni kwa posho kidogo. Na sisi tuna OPT yetu Tanzania? – Mwanafunzi wa Mabibo*

Karibu Dar ndugu yangu. Hamna OPT huku. Ukaazi wako umepewa kwa ajili ya kusoma, na sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia inataka kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, anayekuombea ni mwajiri. Rafiki yako kwa duka la simu hataweza kueleza kwa nini kamkosa Mtanzania wa kulishika, kwa hiyo jioni pita pale umsalimie tu, kaunta aikalie mwenyewe. Fildi ya chuo ikifika, kabla hujaripoti popote, pitia ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni chuoni kwako uwaulize makaratasi gani yanatakiwa.