Kamba inalegea njiani halafu fundo linagoma kufunguka, shida iko wapi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina pikapu, nabebea watu vitu vyao wakihama, makochi, friji, magodoro, na mara moja moja mbao. Natumia kamba ya plastiki hii ya kawaida, naivuta mpaka viganja vinauma halafu napiga fundo mara tatu nne juu yake, ila nikienda kama kilomita 20 nikishuka kuangalia nakuta imelegea unaweza kupitisha mkono mzima. Na cha kushangaza hilo hilo fundo nikifika limeng'ang'ana mpaka nalikata kwa kisu. Shida ni kamba au ni mimi? Na je kuna fundo moja la kufungia kila kitu?

JIBU: Salama ndugu yangu, na nimefurahi umeuliza kabla mzigo haujadondokea mtu, maana wengi wanauliza baada ya hapo. Nimefunga mizigo kwenye malori miaka mingi na hicho unachokisema nimekipitia chote.

Nianze na hili la kulegea. Fundo halikazi mzigo, fundo linashikilia tu mkazo uliokuwepo wakati unalipiga. Sasa wewe unavuta kwa nguvu zako zote, sawa, lakini ile sekunde unapoanza kupiga fundo la kwanza lazima ulegeze kidogo ili mkono uzunguke, na hapo ndipo robo tatu ya jasho lako inapoondoka, halafu unapiga mafundo mengine matatu juu ya kamba ambayo tayari imeshalegea. Kuongeza mafundo hakurudishi mkazo hata kidogo. Ndiyo maana pia yanagoma, kwa sababu yamerundikana na kila mtikisiko wa barabara unayabana zaidi.

Halafu kuna mzigo wenyewe. Godoro linabonyea, kochi lina sponji, mbao zinajipanga upya gari likipita kwenye matuta, na kila kitu kikishuka sentimita mbili tu kamba inabaki imening'inia. Kwa hiyo hata ukifunga vizuri kama mimi bado itabidi usimame ukaze tena, dakika kumi au kumi na tano za kwanza za safari, na hiyo si dalili kwamba umefunga vibaya, ni kazi yenyewe ilivyo.

Kamba nayo ina tabia yake. Nailoni ni imara lakini inavutika kama mpira, nzuri kwa kuvutia gari lililokwama, mbaya kwa kufungia mzigo, na ikilowa inapoteza nguvu kiasi. Poliesta ndiyo ninayoipenda, haivutiki sana na inavumilia jua. Hii ya kwako ya plastiki, polipropileni, ni rahisi na nyepesi lakini inateleza, haishiki fundo vizuri, na jua linaila, ukiona imeanza kutoa unga na vinyweleo vinavyokatika ukiikunja basi hiyo imeshakwisha, itupe. Kamba ya katani inashika fundo vizuri sana, ila ikilowa inavimba na kujivuta, fundo linakuwa kama jiwe, halafu ikikauka inalegea, kwa hiyo ukifunga kwenye mvua jua likitoka rudi ukaikague.

Sasa fundo lenyewe. Watu wa malori karibu dunia nzima wana namna moja ya kukaza, mimi naiita fundo la lori, na siri yake ni kwamba kamba yenyewe unaigeuza kuwa kapi, au puli kama wengine wanavyosema. Fuata hivi, na shika kamba mkononi wakati unasoma maana kwa macho tu haieleweki.

Funga ncha moja upande wa pili wa gari kwenye kulabu (nitakuja kwenye namna ya kuifunga), rusha kamba juu ya mzigo, njoo upande wako. Usiende kwenye kulabu kwanza. Kwenye ile kamba inayoning'inia, kama usawa wa kifua na juu kiasi ya kulabu, tengeneza duara kwa kuisokota kamba, halafu chukua kamba ya upande wa mkia, yaani ile ncha iliyo huru mkononi mwako, ikunje, upitishe ule mkunjo ndani ya duara, vuta, utapata kitanzi kinachosimama kwenye kamba. Ule mkia sasa uteremshe uupitishe chini ya kulabu, uupandishe, uuingize ndani ya kitanzi, kisha uvute kwenda chini. Utasikia tofauti palepale, kamba inalia.

Hapo kwenye kitanzi ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo nikaze kidogo. Mkunjo unaoupitisha lazima utoke upande wa mkia na si upande wa mzigo. Ukitoa upande wa mzigo kitanzi kinakuwa kama tanzi la mtego, ukikaza kinafunga chenyewe na kuuma kamba, hukazi tena na hufungui. Jaribio ni rahisi, kabla hujapitisha mkia vuta kamba ya upande wa mzigo, kitanzi kisipopungua uko sawa, kikipungua fumua uanze upya. Na lile duara ukilisokota mara mbili badala ya moja kabla ya kupitisha mkunjo, fundo halibani sana na baadaye litafunguka kwa vidole.

Kwa hesabu za kapi hapo unapata mara tatu ya nguvu ya mkono wako. Kwa kweli hupati, kamba inasuguana na kamba na kulabu na msuguano unakula, mara nyingi hata mara mbili huifikii. Lakini msuguano huo huo ndio unaokusaidia kwenye kumalizia, maana ukishavuta unabana kwa vidole viwili pale mkia unapopinda ndani ya kitanzi, kamba haiendi popote, mkono wa pili uko huru. Bila kuachia vidole, chukua mkia, uzungushe kuzifunga zile kamba zote chini kidogo ya kitanzi, na unapoupitisha usiuchomoe wote, ukunje uache kitanzi kidogo nje kama unavyofunga kamba za viatu. Piga kingine hivyo hivyo chini yake. Ukifika unavuta mikia tu, vinafumuka, kisu kinabaki mfukoni.

Kabla ya kubana kuna kitu kimoja zaidi mabaharia wanakifanya kwenye kamba za tanga na ukikizoea hutakiacha. Ukiwa umeshavuta mpaka mwisho, shika kamba katikati kati ya mzigo na kitanzi, ivute kwa nje kama unavuta uzi wa upinde, halafu iachie huku mkono mwingine ukivuta mkia. Ule ulegevu unaohamia kwenye mkia unaunyakua. Fanya mara mbili tatu.

Tahadhari mbili za fundo hili. Usilikaze kila siku kwenye sehemu ileile ya kamba, kamba ikikimbia juu ya kamba inapata moto, na polipropileni inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kitu tu, utaona pamekuwa pagumu panang'aa. Pia iko aina nyingine, ile ya haraka, ambapo badala ya kitanzi kamili mtu anakunja kamba na kuitia pete moja tu juu ya mkunjo. Ni ya haraka kweli na inafumuka yenyewe ukiachia, lakini ndiyo hivyo, mzigo ukishuka kamba ikilegea na fundo linafumuka lenyewe barabarani. Kwa friji ya mtu mimi siitumii.

Ile ncha ya kwanza sasa, upande wa pili. Izungushe kwenye kulabu mara mbili kamili kwanza, ndipo upige vifundo viwili vya kawaida juu ya kamba yenyewe, vyote kwa mwelekeo mmoja. Mizunguko miwili ndiyo inayobeba mzigo, vifundo vinalinda tu mkia usitoke, ndiyo maana hata baada ya safari ndefu vinafunguka. Ile ya kupitisha kamba mara mbili kwa msalaba kwenye nguzo bila kifundo cha kulinda, wengi wanaipenda kwa kuwa ni ya haraka, ila kamba ikivutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, inatembea yenyewe mpaka inatoka.

Ukiunganisha kamba mbili usitumie lile fundo la kufungia vifurushi, kushoto juu ya kulia kisha kulia juu ya kushoto. Ni la vifurushi kweli, kamba zikitofautiana unene linageuka na kuteleza. Ikunje ile nene iwe kama kitanzi, nyembamba ipande kutoka ndani, izunguke nyuma ya ile nene mara mbili, halafu ijipenyeze chini yake yenyewe. Ila ukiweza tafuta kamba moja ndefu, kila fundo linakula nguvu ya kamba, kati ya robo na nusu hivi. Kamba mpya ya polipropileni ya milimita 10 inakatikia kwenye kilo 1,400 au karibu yake, toa nusu kwa ajili ya fundo, weka nafasi ya usalama mara tano kwa kuwa barabara inarusha, unabaki na kama kilo 140 za kuitegemea kweli.

Lakini ndugu yangu, hujaniuliza jambo ambalo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi na siwezi kuliacha. Kamba iliyopita juu ya mzigo haizuii mzigo kwenda mbele, inaukandamiza tu chini ili msuguano uushike. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinataka ufungaji uhimili mbele nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Chukua friji ya kilo 100 juu ya bati, msuguano wake tuseme 0.3, yaani inajishika yenyewe kwa kilo 30 na breki kali zinadai 80. Kilo 50 zinazobaki ukitaka kuzipata kwa kukandamiza tu unahitaji zaidi ya kilo 160 za kukandamiza, kwa kuwa kila kilo ya kukandamiza inakupa 0.3 tu ya kushika. Kamba moja yenye mkazo wa kilo 50 kila upande ikishuka wima inakupa 100, na ikishuka kwa kulala, pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni, inakupa nusu ya hapo tu. Kwa hiyo hata kamba mbili zilizosimama wima zinakupitisha kwa tabu, na zilizolala zitatakiwa nne. Na kumbuka ule upande wa pili unapata mkazo mdogo kuliko upande unaovutia, kona za mzigo zinakula, ndiyo maana kamba ya kwanza nakazia kulia na ya pili nakazia kushoto.

Mbona sisemi ongeza kamba? Kwa sababu dawa ni kusukuma mzigo ugusane na ukuta wa mbele wa bodi kabla hujashika kamba. Kitu kikishagusa ukuta breki hazina pa kukipeleka. Makochi mbele, friji imesimama ikiegemea ukuta, mapengo yajazwe kwa magodoro, ndipo kamba zije kazi ya pembeni na juu.

Mbao nina kidonda nazo. Mwaka wangu wa kwanza nilizifunga kwa kamba mbili juu, zimekaza kabisa, dereva akafunga breki na mbao mbili za katikati zikachomoka kama mishale zikagonga ukuta wa kabini nyuma ya kichwa chake. Kamba ilikuwa inagusa za juu na za pembeni tu, za katikati hazikushikwa na chochote. Tangu siku hiyo mbao nazizungushia kamba kwanza, mzunguko kamili mara mbili kuzunguka furushi zima mbele na nyuma, nakaza, ndipo nalifunga furushi kwenye gari. Mabomba ndiyo zaidi kwa kuwa yanateleza.

Kwenye kona kali, mlango wa kabati, bati, ukingo wa friji, weka kadibodi iliyokunjwa au kipande cha mpira wa tairi. Godoro nalo usilibebe juu ya keria limelala wazi, upepo unaingia chini unalinyanyua kama bawa, na kamba mbili zilizopita katikati haziliokoi kwa sababu linanyanyukia mbele. Likunje, au lifunge pale mbele kwa kamba yake peke yake.

Fundo moja la kila kitu halipo, ila hilo la lori pamoja na ile mizunguko miwili na vifundo viwili vinatosha kwa karibu kila kitu unachobeba. Jenereta, injini, au kitu chochote kizito kuliko kinachoweza kunyanyuliwa na watu wawili, acha kamba, tafuta mikanda ya racheti, ile yenye mkono wa chuma wa kukazia, yenye lebo inayoonyesha kilo zake, na usiipige fundo hata siku moja.

Ukimaliza, mkia uliobaki ukunje na uuchomeke chini ya kamba iliyokazwa. Usiuache upepee, nimeona mkia wa mita mbili ukishuka taratibu mpaka kwenye tairi la nyuma, tairi likauzungusha, na likang'oa kulabu pamoja na kipande cha bodi.