Kufaulu darasani na kukwama kwenye mashindano ya hisabati
Umeuliza kwa nini unafaulu darasani lakini unakwama kwenye maswali ya mashindano. Mashindano makubwa hupima uthibitisho kuliko kasi: Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ina maswali 6 tu, kwa siku 2, saa 4 na nusu kila siku. Kwa hiyo kaa na swali moja gumu saa nzima kabla ya kutazama jibu. Tuseme unatakiwa kuthibitisha kwamba n³ − n hugawanyika kwa 6 kwa kila namba kamili n. Ukijaribu 2, 3 na 4 utapata 6, 24 na 60, jambo linalotia moyo ila halithibitishi kitu; ukiandika (n − 1)n(n + 1), unaona namba tatu zinazofuatana, ambazo miongoni mwake lazima iwepo namba shufwa na pia namba inayogawanyika kwa 3, hivyo zao la namba hizo tatu hugawanyika kwa 6. Kisha andika hoja yote kwa sentensi kamili, umpe mwenzako aisome bila wewe kumfafanulia neno.