PS2 slim imegoma kusoma CD? Usikimbilie lenzi

Mkuu, umeuliza kama PS2 slim (PlayStation 2 nyembamba) yako iliyogoma kusoma CD ibadilishwe lenzi kwa mara nyingine, au ni kweli inaweza kucheza gemu kutoka kwenye flashi bila kufunguliwa. Ni kweli kabisa, na yangu naiendesha hivyo mpaka leo. Sony waliacha kutengeneza PS2 Januari 2013. Lenzi nilizowahi kufungiwa zote zilitoka kwenye mashine zilizochoka, na hazikudumu.

Kabla hujatoa shilingi, geuza mashine usome stika ya chini. Utaona nambari inayoanza na SCPH. Ikiwa ni 70000, 75000, 77000 au 79000, huna wasiwasi: memori kadi yenye Free McBoot (programu inayokaa kwenye kadi na kuiruhusu PS2 kuendesha programu nyingine) itawaka mara tu unapobonyeza swichi. Ikiwa ni familia ya 90000, angalia pia alama ya tarehe kwenye stika hiyohiyo. 8A na 8B zinakubali, 8C ni bahati yako, kuanzia 8D na kuendelea Sony waliziba njia. Usimlipe mtu akuwekee Free McBoot kwenye 9A, haitawaka hata afanyeje. Mashine hizo zinatumia OpenTuna, programu mbadala ya kazi hiyohiyo, ambayo unaiamsha kwa kuingia Browser, pale panapoonyesha memori kadi zako.

Kadi yenyewe ndiyo inayowaliza watu wengi. Free McBoot inafungwa kwa kadi husika kupitia ulinzi uitwao MagicGate, kwa hiyo huwezi kuikopi kutoka kadi ya jirani ukaibandika kwenye yako. Lazima isakinishwe upya kwenye kadi yako, na kadi feki nyingi za bei chee hazina MagicGate, usakinishaji unakwama. Kwa kuwa lenzi yako imekufa, usihangaike na njia ya kuchoma DVD. Tafuta mtu mwenye PS2 ambayo tayari ina Free McBoot, nenda na kadi yako pamoja na flashi yenye kisakinishi, akiendeshe kupitia uLaunchELF (programu ya PS2 ya kufungulia mafaili), mchague usakinishaji wa modeli zote ili kadi ikubali na kwako. Hakikisheni umeme ni wa uhakika, maana ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaharibika. Sevu zako ziweke kadi ya pili. Kadi ni MB 8 tu na Free McBoot inakula sehemu yake.

Gemu sasa zinaendeshwa na Open PS2 Loader, wenyewe tunaiita OPL. CD zako ulizonazo zigeuze ISO (faili moja lenye nakala ya diski nzima) kwenye kompyuta yenye DVD drive, kisha ziweke kwenye folda iitwayo DVD (zilizotoka kwenye CD halisi badala ya DVD, folda ya CD). Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32. Faili lisilofika GB 4 linaingia moja kwa moja, likizidi hapo unalikata vipande kwa USBUtil, programu ya kompyuta. Fomati flashi kwanza, halafu kopi gemu moja baada ya nyingine. Ukizoea kufuta na kuongeza, faili linasambaa vipandevipande na OPL inagoma kulifungua, wengi hudhani gemu ni bovu.

Nikuambie ukweli kuhusu kasi. USB ya PS2 ni 1.1, inapitisha takriban MB 1 kwa sekunde. Mpira unachezeka, mapigano yanachezeka, lakini video za utangulizi zinakwamakwama na gemu zenye ramani kubwa zinachelewa kupakia. Kununua flashi ya bei mbaya hakusaidii chochote, kizuizi kiko kwenye mashine. Ukiwa na kompyuta, tumia tundu la mtandao lililopo nyuma ya slim: waya mmoja mpaka kwenye ruta, gemu zinakaa kwenye kompyuta, na video zinatiririka. Kwa Windows 10 itabidi uwashe SMB1 (njia ya zamani ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao), kwa kawaida imezimwa. Iwashe kwenye mtandao wa nyumbani tu, kwa sababu usalama wake ni dhaifu.

Wenye PS2 nene wana raha zaidi, wanafunga hadi hard disk ndani, ila hiyo si kesi yako.

Mashine hii haijafa mkuu, kilichokufa ni lenzi yake tu. Weka hapa picha ya stika, ionekane nambari ya SCPH na alama ya tarehe, nikuelekeze ni faili lipi la kupakua.