Kabla mgonjwa wa vali hajapanda boti

Vijana mliopangiwa kitengo cha picha hapa Lamu, mtaletewa wazee wanaohema kwa ngazi tano, vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, imekakamaa kwa chokaa. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hutangulia: damu ikipita kwenye vali kwa mita 4 kwa sekunde au zaidi, huo ni mbano mkali wa vali. Wengine hudhani kazi imeishia hapo, kumebaki kutafuta nafasi Nairobi. Bado. Tangu Alain Cribier alipomwekea mtu vali kwa mrija bila kupasua kifua, Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, daktari haioni vali anayoibadilisha. Sitiskani, picha ya eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, ndiyo macho yake.

Na hiyo si sitiskani ya kifua tu. Hushuka hadi kwenye mapaja, kwa sababu mara nyingi vali mpya hupitia mshipa wa paja. Mshipa mwembamba, uliojipinda, wenye chokaa pande zote, humfanya daktari atafute njia nyingine.

Penye moyo, picha hufungamanishwa na isiji, kipimo cha umeme wa moyo. Pete ya vali, pale vali inaposhikizwa, haina umbo la duara, ina umbo la yai, tena hutanuka na kusinyaa kwa kila pigo. Nahodha wa mlango wa bahari wa Mkanda haulizi kina bila kuuliza maji yamejaa au yamekupwa. Nanyi mkisomewa kipimo cha pete, ulizeni ni cha wakati gani wa pigo. Kwa kawaida hupimwa moyo unapokaza, eneo na mzingo wake, wala si kipenyo kimoja. Vali ikiwa ndogo damu huvuja pembeni, ikizidi yaweza kuipasua pete. Hutazamwa pia kama matundu ya mishipa inayolisha moyo yako karibu mno na pete, yasije yakazibwa.

Sehemu yetu ni maandalizi, na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Mzee avuke hadi Mokowe, bandarini bara, akeshe barabarani, kisha aambiwe kreatinini, kipimo cha damu cha figo, haijapimwa! Dawa ya rangi, inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye sitiskani, huzielemea figo, na za wazee hawa nyingi zimeshachoka. Pimeni huku. Muulizeni kama anatumia metformini, dawa ya kisukari. Mapigo yakiwa hayana mpango, andikeni wazi, maana picha huharibika. Nitrogliserini ya chini ya ulimi, iliyozoeleka kwenye sitiskani za mishipa ya moyo, haimfai mwenye mbano mkali. Presha yaweza kuporomoka.

Eko mpeni mgonjwa kwenye diski, picha zenyewe, si ripoti pekee. Huko watataka kupima wenyewe.