Vocha za mtaa: kwanza andikeni nani hununua kwa nani

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha Kisauni kianze na vocha za karatasi au za simu, za kununuliana vitu wenyewe kwa wenyewe badala ya shilingi, maana ikifika tarehe 20 wateja wapo ila hela hakuna. Mimi ningeyaweka hayo kando kwanza. Kaeni muandike nani hununua nini kwa nani. Muuza mahamri huchukua maji kwa mwenye mkokoteni, mwenye mkokoteni hushonesha nguo kwa fundi. Je, fundi hununua mahamri? Mzunguko usipofunga, vocha zote zitarundikana kwa mwenye duka, naye atazikataa, kwa sababu muuzaji wa jumla kule Kongowea anataka shilingi. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Basi mwenye duka apokee sehemu tu, tuseme robo ya bei, na kila mwanachama awe na kikomo cha vocha.

Bangla-Pesa, vocha ya mtaa kama hizi, ilipoanza mtaa wa Bangladesh, Mikindani, Mombasa, mwaka 2013, waanzilishi walikamatwa wakashtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa. Kwa hiyo msichapishe kitu kinachofanana na noti, na chifu aambiwe mapema. Mfumo wa simu ukija baadaye, tafadhali, mama asiye na simu asiachwe nje.