Jibu: Kwa nini Ukraine watengeneze umeme leo, kesho upigwe tena?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini Ukraine wanatengeneza vituo vya umeme na vita havijaisha, mafundi wanafia humohumo.

Hawana namna ya kungoja. Unguja ilikaa gizani Desemba 2009 hadi Machi 2010, na bila umeme pampu za maji haziendi. Kule ongeza baridi: maji yakiganda kwenye mabomba ya kupashia joto ghorofa, mabomba yanapasuka na jengo zima halikaliki.

Tangu Urusi ilipoanza kushambulia mitambo ya umeme kwa wingi Oktoba 2022, hatari kubwa ni kombora la pili, linalopiga palepale waokoaji na mafundi wakishafika. Kwa hiyo king'ora kizime kwanza, wategua mabomu wapite, ndipo laini ikatwe umeme, ipimwe, ifungwe ethi (waya wa kuupeleka umeme ardhini) pande zote mbili. Ethi hairukwi hata hospitali ikisubiri: jenereta la nyumbani lisilo na swichi ya kulitenga na laini hurudisha umeme kwenye laini, ukampata aliye juu ya nguzo.

Transfoma kubwa ndiyo balaa. Moja yaweza kupita tani 200, imejaa mafuta yanayowaka, na kuunda nyingine huchukua mwaka au zaidi. Vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, vinavyoizunguka, huzuia vipande vya bomu, si kombora linaloitua transfoma yenyewe.

Na mafundi ni wachache, wengine wako jeshini. Waliobaki wanachoka, na aliyechoka ndiye husahau kupima. Baadhi yao huombewa wasiitwe vitani. Kwa maoni yangu hilo ni la lazima kuliko hata transfoma mpya.